Kiamsha Kinywa Kabla ya Mbio Ndefu

Leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi hufikiri halihitaji mazungumzo, nalo ni chakula cha asubuhi. Lakini si asubuhi ya kila siku. Ni asubuhi ile ambayo mtu anakwenda kushindana katika mbio ndefu.

Swali hili lilitoka Rapsu. Tulikuwa tumekwenda huko kwa kazi ya chanjo, na tulipomaliza, mzee mmoja alinijia akiwa na mwanawe, kijana wa miaka kumi na tisa hivi, mrefu, mwembamba, miguu ya mkimbiaji. Mzee akasema, "Daktari, huyu mtoto wangu anakimbia kuliko vijana wote wa hapa. Akiondoka hapa kuelekea Kinna hakuna anayemfuata. Lakini amekwenda mashindano mara mbili, na mara zote mbili ameletwa nyumbani kama mgonjwa. Tumemwombea dua. Tumempima malaria. Hana kitu. Basi tuambie, ni nini?"

Nikamgeukia kijana nikamuuliza, "Siku ya mbio ya kwanza ulikula nini asubuhi?" Akajibu, "Sikula kitu." Nikamuuliza sababu. Akasema alisikia kwamba mabingwa wa Iten hukimbia na tumbo tupu, ndiyo maana ni wepesi. Tena alikuwa amesafiri usiku kucha nyuma ya lori, na chakula cha mwisho kutia mdomoni kilikuwa mchana wa jana yake. Katika mbio za kilomita 21 alikwenda na wale wa mbele mpaka katikati. Halafu macho yakaanza kuona giza, miguu ikawa kama si yake, akakaa chini kando ya njia.

"Na mara ya pili?" Hapo baba yake akacheka, lakini mama, aliyekuwa amekuja kusimama nyuma yetu, hakucheka. Mara ya pili mama alisema mtoto wake hataaibika tena kwa njaa. Alimpa lita nzima ya maziwa, chapati tatu, na bakuli la nyirinyiri yenye samli yake, saa moja tu kabla ya mbio kuanza. Safari hiyo kijana hakuona giza. Alishikwa na kichomi, akatapika, kisha tumbo likamwendesha, na mbio zikaishia vichakani.

Msikilizaji, usimcheke mama huyo. Alifanya kwa mapenzi, na chakula alichotoa ni chakula kizuri. Kosa lake lilikuwa kwenye kiasi na kwenye saa. Na jambo lenyewe si la mchezo. Kwa vijana wetu wengi, mbio si starehe. Ni kwa mbio kijana anaweza kuonekana na kupata nafasi katika shule nzuri. Siku ya kuandikisha makurutu wa jeshi au wa polisi, mamia hufika uwanjani alfajiri, wanapangwa mistari, wanakimbizwa. Anayeanguka siku hiyo kwa sababu ya njaa au kwa sababu ya tumbo, ameanguka na mwaka wake mzima. Mwaka ujao huenda akawa amepita umri.

Tuanze na hili la tumbo tupu.

Mwili wa mkimbiaji unatumia akiba mbili kubwa. Ya kwanza ni mafuta, na hata mtu mwembamba kama yule kijana anayo ya kutosha kwenda mbali sana. Lakini mafuta huwaka polepole, kama gogo bichi. Akiba ya pili ni wanga uliohifadhiwa ndani ya misuli na ndani ya ini, nao unaitwa glaikojeni. Huo ndio unaowaka haraka, kama vijiti vikavu, na ndio unaotumika mtu anapokimbia kwa kasi. Taabu ni kwamba akiba hiyo ni ndogo. Kwa mtu mzima aliyekula vizuri, misuli inabeba kama gramu 400 au zaidi kidogo, na ini linabeba kama gramu 100.

Sasa, kazi ya ini ni kutoa sukari kidogo kidogo kwenye damu ili ubongo upate chakula. Unapolala, ubongo haulali kabisa. Usiku kucha ini linamlisha. Ukila saa mbili usiku na kuamka saa kumi na moja alfajiri, akiba ya ini imeshuka sana. Misuli bado ina yake, kwa hiyo unajisikia mzima, unaruka ruka, unasema mimi sina njaa. Unaanza mbio. Baada ya muda sukari ya damu inashuka na ini halina cha kuongeza. Ndipo lile giza la macho, jasho baridi, mikono kutetemeka, na mawazo kuchanganyika. Yule kijana alikuwa na misuli mizuri, lakini ubongo wake ulikuwa na njaa tangu jana mchana.

Hivyo kiamsha kinywa cha siku ya mbio kina kazi moja kubwa, nayo ni kulijaza ini tena. Si kukupa nguvu mpya ya misuli. Ya misuli uliila jana na juzi. Hilo ndilo wengi hawalijui, na ndiyo maana wanalundika chakula asubuhi wakidhani kila kijiko kitafika mguuni kabla ya filimbi.

Na mabingwa wa Iten je? Ni kweli kwamba wakimbiaji wengi wa Bonde la Ufa huamka alfajiri na kwenda mazoezini bila kula, au kwa chai tu. Lakini hayo ni mazoezi, si mashindano. Tena wanaporudi wanakula. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Kenyatta wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Glasgow walipima kwa mizani chakula cha wakimbiaji 10 wa hali ya juu wa Kenya kwa siku saba, na matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Walikuta kwamba kama robo tatu ya nguvu yote waliyokula ilitoka kwenye wanga. Ugali peke yake ulileta karibu robo. Na jambo linalochekesha kidogo, sukari, ile ya kutiwa kwenye chai, ilileta kama sehemu moja kwa tano. Basi wanaotuambia mabingwa hawali wamewaona saa kumi na mbili asubuhi barabarani. Hawakuwaona saa mbili mezani.

Sasa tuje kwenye saa. Chukua mfano, mbio zinaanza saa moja asubuhi, kama ilivyo desturi ya mbio nyingi, kwa sababu ya jua. Chakula chako kiwe kimeliwa kati ya saa kumi na saa kumi na moja alfajiri, yaani saa mbili au tatu kabla. Najua ni mapema. Najua tumbo la wakati huo halitaki kitu. Lakini tumbo linahitaji muda huo kusaga na kupitisha. Ukianza kukimbia, mwili unapeleka damu kwenye misuli na kuipunguza tumboni, na chakula kilichobaki humo kinakaa kama jiwe. Mengi ya kichomi na kichefuchefu hutoka hapo. Kama umechelewa na imebaki saa moja tu, usijaribu kufidia kwa kula chakula kizima. Kula ndizi moja mbivu au vipande viwili vya mkate, unywe chai kidogo, basi.

Kiasi je? Wataalamu wa lishe ya michezo husema mtu ale kati ya gramu 1 na gramu 4 za wanga kwa kila kilo ya uzito wake, katika zile saa moja hadi nne kabla ya mbio. Anayekula mapema ale zaidi, anayekula karibu na mbio ale kidogo. Kwa vijana wetu, na kwa muda wa saa mbili au tatu, mimi huchukua gramu 2 kwa kilo. Yule kijana wa Rapsu ana kilo 55. Basi anahitaji kama gramu 110 za wanga. Tuzigeuze ziwe chakula, maana hakuna anayekula gramu. Kipande kimoja cha mkate mweupe wa dukani kina gramu 13 au 15 hivi. Kijiko kidogo cha sukari kina gramu 4. Ndizi mbivu ya kadiri ina kama 25. Donge la ugali la ukubwa wa ngumi ya mtu mzima lina kama 50. Kwa hiyo vikombe viwili vya chai yenye vijiko vitatu vitatu vya sukari, vipande vinne vya mkate, na ndizi moja, kijana amefika. Au ugali wa jana, ngumi moja na nusu, na vikombe viwili vya chai hiyo hiyo. Amefika pia.

Umesikia vizuri, nimesema ugali wa jana. Kiporo. Watu wengi wanaona haya kusema wamekula ugali wa jana na chai, wanadhani mkimbiaji lazima ale vitu vya kopo vyenye picha ya mwanariadha. Sivyo. Mahindi yanayolimwa katika mashamba ya kunyunyizia maji hapo hapo Rapsu yanatosha kabisa. Ugali mweupe hauna mafuta, hauna makapi mengi, unasagika vizuri, na tumbo lako limeuzoea tangu utotoni. Angalia tu kwamba umehifadhiwa vizuri na haujachacha. Anjera na chai ni nzuri vile vile, na kwa watu wengi wa Isiolo ndiyo chakula cha asubuhi kinachojulikana. Ila isiwe imelowa samli. Uji mwepesi wa mahindi uliotiwa sukari unafaa sana kwa yule ambaye alfajiri hawezi kutafuna. Viazi vitamu vya kuchemsha ni sawa, lakini visizidi. Wali mweupe ni sawa.

Vitu vya kuviacha asubuhi hiyo ni vizuri siku nyingine zote, kwa hiyo nisieleweke vibaya. Maharagwe na githeri hujaza tumbo hewa. Nyama, nyirinyiri, mayai ya kukaanga, mandazi yaliyojaa mafuta, na hata buni iliyokaangwa kwa samli, vyote vina mafuta, na mafuta hukaa tumboni kwa muda mrefu. Nyama uile jana mchana. Pilipili iache. Sukuma wiki iache mpaka jioni utakaporudi.

Sasa maziwa. Hapa naomba unisikilize kwa makini, maana nikikosea nitaletewa mashtaka na wazee.

Vitabu vingi vya michezo vinavyotoka ng'ambo humwambia mkimbiaji aache maziwa kabisa asubuhi ya mbio, kwa sababu watu wengi duniani wakishakuwa wazima hupoteza uwezo wa kusaga sukari iliyo ndani ya maziwa. Inabaki tumboni, inachacha, inaleta gesi na kuhara. Lakini wafugaji wa Afrika Mashariki hawako hivyo wote. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba watu wengi wa jamii za wafugaji huku kwetu wanao uwezo huo mpaka uzeeni, na kwamba waliupata kwa njia yao wenyewe, tofauti na ile ya watu wa Ulaya. Kwa hiyo siwezi kumwambia Mborana kwamba maziwa ni sumu. Babu yake alitembea na ng'ombe siku nzima kwa maziwa.

Lakini kutembea na ng'ombe si kukimbia kilomita 21. Lita nzima ya maziwa ina mafuta yake na ina uzito wa kilo moja, na yote inacheza tumboni kila unapokanyaga. Ninachosema ni hiki: maziwa yale ya kwenye chai hayana neno kwa aliyezoea. Kikombe kimoja saa tatu kabla, kama umekijaribu mazoezini na tumbo likanyamaza, hakina neno. Zaidi ya hapo subiri mpaka umalize, ndipo uyanywe kwa raha, kwa sababu baada ya mbio maziwa ni chakula bora cha kurudisha mwili. Na hili ni la siku zote, si la mbio tu: yachemshe. Ugonjwa wa brusela uko katika mifugo yetu, na mkimbiaji mwenye homa za jioni na maumivu ya viungo yasiyoisha aje apimwe kabla ya kulaumu viatu.

Nilitaja kujaribu mazoezini. Nikiulizwa katika mazungumzo yote ya leo neno gani lishikwe, ni hilo. Usile siku ya mbio kitu ambacho hukukila angalau mara tatu kabla ya mazoezi marefu. Hata walio juu kabisa tumbo huwashika. Tarehe 17 Aprili 2005, Paula Radcliffe wa Uingereza, ambaye wakati huo alikuwa anashikilia rekodi ya dunia ya wanawake, alikuwa anaongoza mbio za London mbele ya watu wote wa mjini na kamera za televisheni. Tumbo likamkata. Ikambidi asimame kando ya barabara, ajisaidie pale pale, kisha aendelee. Alishinda, kwa saa 2 dakika 17 na sekunde 42. Baadaye alisema huenda alikuwa amekula kupita kiasi kabla ya mbio. Yeye alikuwa na nafasi ya kupoteza sekunde chache na bado ashinde. Wewe na mimi hatuna.

Wengine wananiuliza kuhusu glukosi, ile ya unga inayouzwa madukani kwenye kijisanduku. Kijana anafika, amebakiza nusu saa, anamimina kijisanduku kizima kwenye chupa anakunywa. Kwa watu wengine, sukari nyingi ikiingia ghafla wakati wamekaa tu, mwili hujibu kwa kuishusha, na mbio zinapoanza wanajisikia walegevu. Si wote, lakini hujui kama wewe ni mmoja wao mpaka umejaribu. Glukosi hiyo ina faida zaidi ukiwa tayari unakimbia. Kwa mbio zinazopita saa moja na nusu, kiamsha kinywa peke yake hakikufikishi. Hata Eliud Kipchoge, siku ile ya tarehe 12 Oktoba 2019 kule Vienna alipomaliza kilomita 42 kwa saa 1 dakika 59 na sekunde 40, alikuwa anapewa vinywaji njiani na watu waliokuwa kwenye baiskeli. Gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa zinatosha. Ndizi moja na maji yenye sukari, mkimbiaji wa Rapsu amepata za kwake.

Maji. Usiku na asubuhi kunywa kwa utulivu. Kama saa tatu kabla, kikombe kikubwa kimoja cha maji pamoja na ile chai kinatosha kwa mtu wa kilo 55. Mkojo ukiwa mweupe kidogo kama majani makavu, umekunywa vya kutosha. Mkojo wa rangi ya chai kavu, ongeza. Lakini usijijaze. Sisi watu wa nchi kavu tunaogopa kiu, na tuna sababu, lakini maji kupita kiasi nayo ni hatari, kwa sababu yanazimua chumvi ya damu. Katika mbio za Boston za mwaka 2002 watafiti walipima damu ya wakimbiaji 488, na 13 kwa kila 100 walikutwa chumvi imeshuka. Wengi wa hao walikuwa wamekunywa mno njiani, hata wakamaliza wakiwa wazito kuliko walivyoanza. Inapozidi sana ubongo huvimba na mtu anaweza kufa. Kunywa ukisikia kiu, na chakula cha jana usiku kiwe na chumvi yake ya kawaida.

Jambo la miraa lazima nilitaje, maana milima ya Nyambene iko pale tunaiona, na safari za usiku huenda na miraa. Dereva anatafuna, kijana naye anatafuna asilale. Miraa inaua hamu ya kula, inafukuza usingizi, na inaongeza kasi ya moyo. Mkimbiaji anafika asubuhi hajalala, hawezi kumeza hata ndizi, na moyo uko mbio kabla ya mbio. Tena jua kwamba vitu viwili vilivyo ndani ya miraa, kathinoni na kathini, viko kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa siku ya mashindano. Kathini ina kiwango chake, mkojo ukizidi mikrogramu 5 kwa mililita una hatia. Kijana anaweza kushinda kisha akanyang'anywa kwa ajili ya kifungu cha miraa cha safarini.

Na sasa tumefika kwenye tatizo lenyewe la Rapsu, ambalo si chakula bali ni safari. Mbio zinazojulikana zaidi upande huu ni zile za Lewa, zilizoanza mwaka 2000, ambazo kwa kawaida huwa mwezi wa Juni. Ni kilomita 21, na wa 42 huzunguka mara mbili, kwenye vumbi na vilima vya kiasi cha mita 1,700 juu ya bahari. Kutoka Rapsu huwezi kuamka nyumbani asubuhi ukawahi. Utalala njiani, Isiolo mjini au kwa jamaa. Na hapo ndipo mpango wote wa chakula unaharibika. Saa kumi alfajiri hoteli zimefungwa. Mwenyeji wako amelala na huwezi kumwamsha mke wake akuchemshie chai. Au anaamka yeye mwenyewe kwa heshima ya mgeni, anakupikia sahani ya maini, na huwezi kukataa.

Kwa hiyo beba chakula chako. Thamosi ya chai yenye sukari iliyotengenezwa usiku. Mkate nusu. Ndizi tatu, mbili za asubuhi na moja ya baadaye. Chupa ya maji uliyoyajua yalikotoka. Mwambie mwenyeji mapema, usiku ule ule, kwamba kocha amekupangia chakula. Sema ni kocha. Watu hawamkasirikii kocha. Na chakula cha usiku huo kile mapema, saa moja au saa mbili, wali au ugali kwa mchuzi mwepesi, ule ushibe lakini usivimbiwe.

Kuhusu Ramadhani. Mbio za nyika za shule hufanyika muhula wa kwanza, na miaka hii mwezi mtukufu umeangukia hapo hapo, kwa mfano mwaka 2025 ulianza mwanzoni mwa Machi. Kama kufunga kunamlazimu au anayo ruhusa, hilo mwanafunzi na mzazi wamuulize sheikh, mimi nasema la mwili tu. Kwa upande wa mwili, daku huja karibu na saa ile ile niliyoitaja ya kula kabla ya mbio za asubuhi. Kula wanga kwenye daku, uji, ugali, anjera, tende chache, na maji polepole. Hatari haiko kwenye kuanza, iko baada ya kumaliza, kwa sababu mtoto aliyetoka jasho atakaa mpaka magharibi bila tone. Walimu waombe mbio za watoto hao ziwekwe mapema sana, zisiwe saa sita juani, na mtoto anayetetemeka au anayesema maneno yasiyoeleweka ahudumiwe mara moja bila kujadiliana.

Neno dogo juu ya wasichana. Katika nyumba nyingi msichana ndiye anayewasha moto, anachota maji, anawapa wengine chai, kisha anakunywa kilichobaki akikimbilia shule. Siku ya mbio anakuja hivyo hivyo. Mama, msichana anayekimbia awekewe sehemu yake kwanza. Na kama anachoka upesi kuliko wenzake hata akiwa amekula, alete tumpime damu, kwa maana upungufu wa damu hautibiwi na ndizi. Vile vile mwenye kisukari, hasa anayejidunga insulini, asifuate viwango vya leo kabla ya kuonana na daktari wake.

Turudi kwa yule kijana. Niliandika kwenye karatasi ya kliniki: saa kumi alfajiri, chai vikombe viwili yenye sukari, ugali ngumi moja, ndizi moja. Saa kumi na mbili na nusu, maji nusu kikombe. Mama alichukua ile karatasi akaikunja akaitia kwenye pindo la leso. Kijana alijaribu hivyo Jumamosi nne mfululizo, akikimbia mapema kabla jua halijakuwa kali. Jumamosi ya kwanza alisema ugali ulikuwa mzito, akapunguza akaongeza ndizi ya pili. Ya pili alisema sawa. Miezi michache baadaye alikwenda mbio za tatu na thamosi yake. Alikuwa wa kumi na saba. Baba yake hakufurahishwa sana na hiyo kumi na saba. Lakini kijana alivuka mstari kwa miguu yake mwenyewe, na walioniletea habari walisema neno lake la kwanza alipomaliza lilikuwa kuuliza maziwa yako wapi.

Msikilizaji, kama una swali juu ya mazungumzo haya, mwone mhudumu wa afya katika zahanati iliyo karibu nawe, au tuandikie kwa anwani ya kituo hiki.